Kata Aliyoirudisha Remigius

Ilikuwa mwaka elfu mbili kumi na tisa. Hapana, nimekosea, nijisahihishe mapema kabla hamjanishika. Kumi na tisa tulichagua wenyeviti wa vitongoji. Huu ninaousema ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkubwa, elfu mbili na ishirini, masika yalipowahi na njia ya Kibosho ikawa utelezi wa kuangusha ng'ombe. Nakumbuka kwa sababu baiskeli yangu niliisukuma kupanda, na kushuka pia niliisukuma.

Mimi ni mnoa visu. Usiku nalala Pasua, chini mjini, lakini mchana wangu uko huko juu kwenye vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba yenye nyumba ndani, napita nyumba kwa nyumba nanoa mapanga na visu vya kukatia majani ya ng'ombe. Kwa hiyo nyumba nyingi nazijua kwa upande wa uani. Uani kwa Theodora nilikujua kuliko kwingine kote, maana ndiko nilikomalizia siku.

Theodora, Mama Remi, alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mume alikufa akamwachia kihamba chembamba, mibuni iliyozeeka, na mtoto mmoja, Remigius. Mtoto huyo alimsomesha kwa mbege. Ndizi alizichemsha na kuzichuja mwenyewe, ulezi aliuotesha mwenyewe, hakumwamini mtu. Watu waliviacha vilabu vya karibu wakapanda mpaka kwake, na si kwa ajili ya utamu tu. Kwetu mlimani anayekupa kinywaji lazima aonje kwanza mbele yako, akuonyeshe kwamba hamna kitu ndani. Wapo wanaogusisha mdomo tu, wanakudanganya. Theodora alikunywa funda zima, ukaona koo likishuka, ndipo akakupa kata kwa mikono miwili, na kata hiyo hiyo ikazunguka benchi zima. Watu walikuwa na msemo: kwa Theodora unakunywa umefumba macho. Mali yake ilikuwa hiyo. Nyingine sikuiona.

Remigius alipokua akawa mwongoza wageni. Anawapokea uwanja wa ndege wa KIA, anapanda nao mlima, anawarudisha. Kila aliposhuka alifikia kwa mama yake, na kata ya kwanza ilikuwa yake hata kama wazee walikuwa wamekaa wanangoja. Hakuna aliyenung'unika.

Sasa Jumapili moja ya mwezi wa tatu, watu wametoka misa, benchi limejaa, Remigius akaingia. Hakuja kukaa. Alisimama kule karibu na banda la ng'ombe.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Mbona unasimama mbali kama mtu aliyekuja kuposa?" Huyo alikuwa Aristides, mkubwa wa benchi letu, ambaye vijana walimwita meku, yaani mzee. Tukacheka.

Theodora akachota, akanywa funda lake, akamfuata mwanawe kule kule alikosimama. "Pokea, baba. Umetoka kwenye baridi."

Remigius akapokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani ya kata. Kisha akainama, akaiweka juu ya jiwe.

"Mama, leo sinywi. Na hii niliyoishika msiinywe."

Shingo zote zikageukia lile jiwe.

"Umeona nini ndani?" Aristides akauliza.

"Sijaona kitu, meku. Kuna ugonjwa. Mgeni wangu mmoja alikuja na ndege, akakohoa tangu getini mpaka kambini, tukamshusha kwa machela. Ndio ule wa redioni. Nikinywa hapa, kata inakuja kwenu."

"Ugonjwa wa ndege!" mmoja akasema. "Kibosho utatua wapi, juu ya migomba?"

Benchi zima likaangua kicheko, na mimi ndani yake. Aristides peke yake hakucheka. "Mama yako ameonja, sote tumeona," alisema. "Tangu nizaliwe nimeona kata ikirudishwa mara moja. Wale watu hawakuzikana."

Hapo nilimtazama Theodora usoni, na nikatamani nisingemtazama. Mwizi aliyefumaniwa na mkungu wa ndizi za jirani begani ana uso nafuu kuliko ule. Aliinama akaichukua kata kutoka juu ya jiwe.

"Mama, acha!" Remigius alipiga hatua, halafu akarudi nyuma. Kumzuia ilibidi amshike, na kumshika ndiko alikokuogopa.

Theodora aliinywa yote. Akaigeuza juu chini, tone moja likaanguka. "Tazameni," alituambia sisi, "hamna kitu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Umenivua nguo mbele za watu. Ukirudi hapa, uje na isale."

Isale ni lile jani refu tunalolipanda kwenye mipaka. Aliyekosa humpelekea yule aliyemkosea akiomba msamaha, na ukishaletewa huruhusiwi kukataa kusamehe, hata kama alikuulia ng'ombe.

Baada ya siku ile watu walipungua, halafu wakakoma. Sokoni kina mama walisema, hata mwanawe hanywi. Mbege haingoji mtu. Nilimkuta akiimwaga kwenye mashina ya migomba, amenipa mgongo.

Haikupita muda redio ikatangaza ugonjwa umeingia nchini, na umekuja na ndege. Shule zikafungwa. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa milangoni, hata kanisani. Watu wakaanza kurudi kwa Theodora mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake kutoka nyumbani, macho chini. Hakuna aliyesema Remigius alikuwa na haki. Aristides alikuja na kikombe cha bati, akakiweka mbele ya Theodora, akazungumzia mvua.

Theodora akamimina, hakuonja. Kikombe cha mtu utakionjaje? Kata aliitundika juu ya meko.

Wageni walikuwa wamekatika, na Remigius hakuwa na kazi. Alasiri moja nikiwa uani kwa mama yake nanoa panga, nikamwona amesimama nje ya ua. Alichuma isale kwenye ua ule ule wa mama yake, akalinyoosha kwa ndani.

"Mama, nimekuja na isale."

Theodora alikuwa mlangoni mwa jiko. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Mama Remi," nikamwambia polepole, "mtoto amesimama."

"Namwona. Nitalipokeaje? Kosa si lake."

"Basi mwambie."

"Nimwambie kwa mdomo gani? Huu uliomaliza kata?"

Remigius alingoja. Mvua ikaanza, akaendelea kungoja. Mwishowe alilichomeka jani kwenye ua, akaenda zake. Giza lilipoanza Theodora alitoka akalichukua, akalificha ndani ya kanga kama kitu cha wizi.

Hawakuugua, si mama wala mtoto, na hiyo ikawa mbaya zaidi, maana wapo waliosema, unaona, alimwaibisha mama yake bure. Lakini wazee wawili wa benchi letu waliondoka mwaka ule kwa kifua. Tuliwazika bila kuuliza ni kifua gani.

Siku hizi Remigius huja Krismasi, analeta sukari, wanakula pamoja na kucheka. Kata bado imetundikwa, imeshika masizi. Isale limechomekwa juu ya mlango, limekauka. Sijasikia hata mmoja akilitaja.

Nilimuuliza Aristides, akatazama ndani ya kikombe chake. Nikamuuliza padre, naye akaniuliza kama naweza kunoa mafyekeo ya parokia. Masika yaliyopita nilijipa moyo nikamuuliza Theodora mwenyewe, akanirudishia kisu, akasema hakijapata makali. Jani lile, nani alipaswa kulichuma: aliyeirudisha kata, aliyeimaliza, au sisi tuliokaa kwenye benchi tukicheka?