Risasi Moja Tu, Bwana Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajenti wa ghala la silaha alinipa bastola kubwa ya silinda, tupu, akaniamuru niinyooshe mbele yangu mpaka aseme basi. Nilikuwa askari mpya wa wanyamapori, kwenye kituo cha ufukweni upande wa Magu, ambako viboko walikuwa wakimaliza mpunga wa watu. Mikono ilipoanza kutetemeka, akanisogelea.

"Binti, wewe unaogopa mlio. Mlio haujamvunja mtu mkono. Kinachovunja ni teke."

Teke ndiyo ile nguvu inayoisukuma bastola nyuma na kurusha mtutu juu risasi inapotoka. Sajenti alinifundisha kutanua miguu na kuegemea mbele kidogo, kushika mpini juu kabisa kwa mikono miwili, na kulegeza viwiko kidogo ili teke liishie mabegani badala ya usoni. Vidole gumba vikae mbali na silinda, maana pembeni mwake hutoka moshi wa moto unaochana nyama. Na kwa mgeni, silinda iwekwe risasi moja tu. Mtu akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe. Bastola ikiwa na risasi ya pili, italia tena, na safari hiyo hujui mtutu unatazama wapi.

Nikahamishiwa Misungwi, nikawa mkufunzi. Mkuu wa kituo kule alikuwa mkali, lakini alikuwa na adabu ya silaha. Hata yeye, akija kulenga shabaha, aliniuliza kwanza, "Mwalimu, naruhusiwa?" Miaka yote niliyokaa pale hakuna aliyetoka na damu.

Nilipostaafu serikalini, kampuni moja ya ulinzi ya Nyamagana ikaniajiri kufundisha walinzi wake. Huko ndiko nilikokutana na Meneja wa Operesheni.

Siku hiyo alileta wageni, wateja wakubwa, kwenye uwanja wetu chini ya kilima. Alikuja na bastola yake ya silinda, nzito kuliko zote tulizokuwa nazo. Akapitisha macho kwa walinzi, akamwita Leticia, dada mwembamba wa Magu, aliyekuwa na wiki mbili tu za mafunzo.

"Huyu apige. Wageni waone hata wanawake wetu wako fiti."

Nikasema, "Bwana Meneja, hajafika huko. Kama ni lazima, risasi moja tu, na nimsimamie."

"Mwalimu, unaniaibisha mbele ya watu."

Akajaza risasi zote sita, akampa Leticia. Leticia akanitazama mimi, si yeye. Sheria ya uwanja inasema mtu yeyote, hata mpishi, akipaza sauti "Simama!" kila silaha hushushwa. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikupaza sauti.

Alipofyatua, teke lilimkunja kiganja cha mkono wa kulia, mtutu ukampasua paji la uso. Risasi ya pili ilitoka bastola ikiwa imeelekea angani, ikapita juu ya vichwa vyetu. Alipoanguka, wageni walicheka. Walicheka! Mmoja alikuwa amerekodi kwa simu, na kabla sijamfikisha hospitali, video ilikuwa imeshazunguka mjini.

Kesho yake Meneja aliniwekea karatasi mezani. Iliandikwa kwamba mlinzi alizembea, hakufuata maelekezo ya mkufunzi.

"Saini hapa, mama, ustaafu kwa amani."

"Maelekezo gani? Yangu ulikataa wewe."

"Nani atakuamini?"

Niliichana mbele yake. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa nne, pamoja na hatua zangu tatu na ukimya wangu, nikayapeleka polisi. Bastola ilichukuliwa. Meneja alihamishiwa tawi lingine, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Mimi nikaambiwa umri umenitupa mkono. Leticia walimtibu wakamwachisha kazi, maana kiganja kilipona kimepinda.

Ninyi vijana mnaoshika silaha leo, msiniambie habari za bosi. Teke halijui bosi. Na wewe unayefundisha, ukiona kosa ukanyamaza kwa kuogopa cheo cha mtu, usijiite mwalimu. Mimi ninalijua hilo, na hasira yangu nyingine naielekeza kwangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda Magu kumwona Leticia. Anauza mchele kando ya barabara, anapima kwa mkono wa kushoto. Aliniona, akasimama haraka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Unisamehe, nakusalimia kwa mkono wa kushoto."

Ananiomba msamaha, yeye! Niliupokea mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikampigia goti na mimi, pale pale barabarani, watu wakitazama.