Unga wa Muhogo Penye Jiwe la Bangwe

Katika ukoo wetu hapa Ujiji, mwanamke mkubwa kuliko wote ndiye husema na ziwa. Dagaa wakipotea anapelekwa kwa mtumbwi hadi jiwe la Bangwe, anamwaga unga wa muhogo, anawaita wazee waliokufa. Mama yangu alifanya hivyo. Alipokufa zamu ikawa yangu, nikakataa. Nilisimama kwenye darasa letu la dini la wanawake nikasema, mimi simwombi mwingine ila Mungu mmoja. Wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo nikawa nakaa mbele, ubavuni mwa ustadha, mwalimu wetu, na sifichi, nafasi ile naipenda.

Mwaka huu dagaa wamepotea kweli. Wavuvi wa mwanangu Hamdani wakamwambia: mama yako aende jiweni, au sisi tunahamia mtumbwi mwingine. Yeye hilo hakuniambia. Alisema tu, "Mama, twende Mwamgongo ukamwone mdogo wako." Nikavaa, nikapanda.

Tulipofika jiweni akazima mashine, akatoa ungo wa unga chini ya turubai.

"Mama, maneno mawili tu. Hapa hakuna mtu."

"Na Mungu je?"

"Mungu anajua nina watoto watano."

"Nirudishe."

"Sikurudishi. Utakaa hapo mpaka useme."

Maji huku, maji kule. Jua likapanda hadi utosini. Nilimtukana mpaka nikachoka. Ndipo akasema, "Wale wanawake wako leo hawapo. Sasa unakataa ili nani akuone?"

Lilinichoma, maana nami nilikuwa najiuliza hilohilo. Nikajipekua. Hofu niliikuta, hasira niliikuta, na uchu wa kusifiwa niliukuta umejaa tele. Ila jina jingine la kuita, zaidi ya la Mungu, sikulikuta.

"Hamdani, nitafia humu. Sisemi."

Akaniangalia, akajua. Kwa hasira akaukung'uta unga wote majini, akawasha mashine, tukarudi.

Kumbe Yona, mmoja wa wavuvi wake, alikuwa anaanika nyavu ufukweni Bangwe, akauona unga ukimwagika. Jioni wakaja kwangu wote, meno nje.

"Shikamoo Bibi! Umetuokoa."

"Sikusema neno pale."

Yona akawakonyeza wenzake. "Mnaona? Aliyesema na ziwa hakiri kamwe. Hata marehemu mama yake alikuwa anakana hivihivi."

"Wallahi sikusema!"

"Basi Bibi, basi. Tumeelewa."

Hamdani alikuwa amesimama palepale, anatazama vidole vyake vya miguu. Kesho yake wakaingia kazini.

Ijumaa nikaenda darasani, nikakuta habari za unga zimenitangulia na nafasi yangu ina mtu. Nikamweleza ustadha yote, mwanzo mpaka mwisho. Akanishika mkono kwa huruma. "Mama Hamdani, wewe tubia tu. Mungu ni mwingi wa kusamehe."

Nikisema nimetubia unga ule, narudishwa mbele leo hii. Wanangoja niseme. Mimi nakaa mlangoni, kwenye viatu, Ijumaa ya sita sasa, na neno hilo hawatalisikia.