Kofia ya Vidoti Vitatu

Husseni fundi hakuwa mtu wa ugomvi, na wanaosema alikuwa mwoga hawamjui. Alizaliwa Tukuyu, nyuma ya duka la kanga la baba yake, na tangu ujana alikuwa na meza moja, taa moja na mkono wa kulia usiotetemeka. Enzi za shida alifufua redio kwa nyaya za kuokota. Soko lilipofunguliwa, nchi ikajaa deki za video, televisheni na kompyuta za mitumba. Wenzake wengi waliacha ufundi wakaanza kuuza; yeye akajifunza upya. Sifa yake ilikuwa moja tu: kitu kikitoka mezani kwake, kimepona. Aliipenda sifa hiyo kuliko chakula, na mimi nasema aliipenda kupita kiasi.

Mdogo wake, Rukia, alikuwa na chumba cha gemu karibu na stendi. Mwaka ule simu za mkononi zilipofika mpaka kijijini Suma, Rukia aliletewa kutoka Dar kifaa ambacho hapa hakuna aliyewahi kukiona: kofia yenye vidoti vitatu vinavyong'aa, pamoja na kamera ndogo ya kubandika juu ya skrini. Ukivaa kofia ukageuza kichwa kushoto, rubani wa kwenye gemu naye anatazama kushoto. Husseni, aliyekuwa na meza yake ya ufundi kwenye kona ya chumba hicho, ndiye aliyekifunga. Vijana walipanga foleni mpaka barabarani.

Ackson hakungoja foleni. Alikuwa mtu wa Kyela aliyepanda huku kupakia majani ya chai kwenye malori, mwenye mabega ya kubeba magunia mawili na hasira za watu watatu. Alishampasua Wilson mdomo kisa Wilson alimkanyaga kiatu, akamng'oa na Simon jino kwa sababu alicheka. Na kila alipovaa kofia ile, mambo yaliharibika. Kichwa chake kimetulia, picha inaruka. Anatazama mbele, anaonyeshwa ardhi. Wengine wote walicheza bila tatizo.

Jumamosi ya kwanza ya Julai, Simon alimwangushia ndege mara tano mfululizo kwenye gemu. Ackson alivua kofia akaiweka chini polepole. Akamfuata Husseni mezani kwake, akamshika mkono wa kulia, akauweka kwenye fremu ya mlango, akaubamiza mlango. Vidole viwili vilivunjika, na kila aliyekuwamo alisikia vikivunjika.

"Umeichezea hii mashine initupe mimi," alisema. "Jumamosi ijayo nacheza tena. Ikiruka, naumalizia na huo wa kushoto."

Chumbani mlikuwa na watu kumi na wawili. Hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Hospitalini Igogwe walimfunga vidole. Rukia alitaka waende polisi siku ileile.

"Kaka, huyu mtu atakuua."

"Kwanza nijue ubovu uko wapi," Husseni alijibu. "Nikienda polisi sasa, watu watasema kweli niliichezea."

Ukaidi wa namna hiyo unaudhi, lakini ndivyo alivyokuwa. Wiki nzima, kila asubuhi kabla wateja hawajaja, alihangaika na kifaa kile kwa mkono mmoja. Alisafisha lenzi ya kamera kwa spiriti. Alibadilisha waya. Alibandika vidoti vipya. Alitundika blanketi dirishani, maana kamera ile ilifuata mng'ao, na alihofia jua linaidanganya. Kisha alivaa kofia mwenyewe, na picha ikamfuata kama inavyotakiwa. Kila asubuhi kifaa kilikuwa kizima, na kila asubuhi hofu ilizidi kumla. Ubovu angeupata, angeutoa. Hapa hapakuwa na cha kutoa.

Jumamosi ilikuja na ukungu na manyunyu. Mchana, wateja walipoanza kuingia, Rukia aliwasha jiko la mkaa, kama watu wote wa Tukuyu wanavyofanya Julai. Chumba kilijaa, watu walikuja kuangalia mkono wa pili ukivunjwa. Husseni alifungua kwenye kona ya skrini kidirisha kinachoonyesha kile kamera inachokiona. Ackson alikaa, akavaa kofia. Kwenye kidirisha, vidoti vitatu vyeupe gizani. Akageuza kichwa, vitatu vilevile. Ndege ikapaa vizuri, na Husseni akaanza kupumua.

"Nisogezeeni jiko," Ackson alisema. "Baridi yenu hii inanipasua mgongo."

Alisema hivyo kila alipokuja. Na kila mara Husseni mwenyewe ndiye aliyemsogezea jiko nyuma yake, juu ya kreti ya soda, kwa kumwonea huruma mtu aliyezoea joto la Kyela. Safari hii alilisogeza Simon. Vidoti vikawa vitano, kisha tisa. Ndege ikapinduka.

Ackson aliinuka na ngumi imeshakunjwa.

"Kaa," Husseni alisema. "Tazama hapo konani."

Akalivuta jiko pembeni: vitatu. Akalirudisha: tisa. Akalivuta tena.

"Kamera inaona mkaa unaowaka, inadhani ni kofia yako. Wenzako hawaombi jiko."

Ackson alitazama kidirisha. Kisha akakaa, mabega yamemshuka.

"Nimekosa, fundi," alisema.

Ingeishia hapo. Lakini Wilson alimzaba kofi kutoka nyuma, na Ackson alipotaka kuinuka, Simon alimbana mikono nyuma ya kiti. Wale wote ambao juma lililopita hawakusogea, sasa walisogea. Walimpiga makofi, wakampiga ngumi, mmoja akatumia kibao cha kufungia mlango.

"Fundi, waambie," Ackson alisema, mdomo umejaa damu.

Husseni hakumtazama. Alitazama skrini. Kofia ilikuwa bado kichwani kwa Ackson. Kofi la shavu la kushoto, rubani akatazama kulia. Ngumi ya kidevu, rubani akatazama mbinguni. Kila pigo lilisomeka, bila kuchelewa, bila kuruka, vidoti vitatu mwanzo mpaka mwisho. Kifaa kilikuwa kimepona. Na Husseni alifurahi. Vidole vilimpwita ndani ya bandeji, naye alifurahi.

"Kaka," Rukia alisema. "Kaka, mtu anakufa."

Kofia ikaanguka. Picha ikasimama. Ndipo Husseni akasema, "Basi." Hakupaza sauti, na wote wakaacha papo hapo.

Ackson alirudi Kyela na jicho moja. Vidole vya Husseni vilipona vikiwa vimepinda, akajizoesha kushika zana kwa kushoto. Mpaka leo watu humsifu kwa kumwokoa mtu aliyemvunja mkono. Yeye huinamia kazi yake. Neno lile moja, "basi", alikuwa nalo mdomoni tangu kofi la kwanza.