Unitoshe

Kazi yangu ya mwisho katika lile shirika la misaada ilikuwa kulifuta. Si mimi niliyelifunga. Lilifungwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga tope la Buterere, hapa Bujumbura. Mimi niliambiwa tu niondoe tableti zote kwenye mfumo, moja baada ya nyingine, kisha nikabidhi funguo.

Mfumo wenyewe ulikuwa orodha kwenye kompyuta. Kila tableti ilibebwa na mhudumu mmoja wa mtaani, nayo ilikuwa na mstari wake, jina la mtaa na namba, na pembeni nukta: ya kijani ikiwa tableti imeingia kwenye intaneti siku hiyo, ya kijivu ikiwa imenyamaza. Kupitia orodha hiyo, mimi ndiye niliyeamua tableti zifungue nini. Tuliziruhusu jambo moja tu, fomu za kupima watoto wenye utapiamlo. WhatsApp hakuna, simu hakuna. Nyuma ya kila moja nilibandika plasta yenye namba yangu, ili mtu akikwama anitafute.

Ofisi ilikuwa kona ya depo moja pale Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Wenzangu walishaondoka, hata makabati yalishachukuliwa. Nilibaki mimi, kompyuta, feni, na mlinzi wa getini aliyependa redio yake kuliko watu. Asubuhi niliingia nikasalimu kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayesema upweke huzoeleka hajawahi kula mchana peke yake kwenye meza ya watu kumi.

Agizo lilikuwa la Kifaransa na lilikuwa fupi. Tableti iliyorudishwa, iachiliwe, iwe ya kawaida kama imetoka dukani. Isiyorudishwa, ifungwe kabisa, ibaki kipande cha ubao, ndipo mstari wake ufutwe.

Nilianza na za Cibitoke. Unabonyeza, unathibitisha, mstari unapotea. Cibitoke 4 ilikuwa ya baba mmoja aliyeiita tableti yake "mwalimu", kwa kuwa ilimsahihisha kutwa. Nilipoifuta nilisema "kwaheri, mwalimu", nikajiona mjinga. Nikaendelea mpaka za Buterere, lakini Buterere 7 niliiruka.

Buterere 7 ilikuwa ya dada mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili changu ni cha huko. Juma langu la kwanza kazini aliingia ofisini, viatu vimejaa tope la mashamba ya mpunga, akaweka tableti mbele yangu.

"We Mutanzania, hii kitu ilinifunga. Nakuomba, unitoshe."

Kwetu, mtu akikutosha maana yake huna haja ya mwingine. Mwanamke ambaye hata sijamjua saa moja ananiomba nimtoshe! Nikasema, "Nitajitahidi, dada."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mtu wa stoo akanionea huruma. "Kutosha ni kutoa, ndugu. Tablete ilikwama, anataka umutoshe mule ndani."

Tangu siku hiyo hakuniacha. Kila akipita mlangoni: "Mutanzania, leo utanitosha ao apana?" Nami nilijitia hamnazo, nikajibu kwamba mfumo bado unafikiria. Sikuwahi kumwambia kwamba kwa Kiswahili changu jibu lilikuwa tayari, tena la muda mrefu. Woga huo unaniudhi mpaka leo.

Miezi michache kabla ya shirika kufungwa, mama yake aliugua huko Uvira. Alivuka na tableti kwenye mkoba, akisema Jumatatu atakuwa amerudi. Hali ya usalama ikaharibika, mpaka wa Kongo ukafungwa, na simu yake ikawa haipatikani. Kila niliyemuuliza hakujua lolote. Kilichobaki ni ile nukta. Asubuhi nyingi, saa nne hivi, nukta ya Buterere 7 iligeuka kijani, nami nikajua kwamba mahali fulani mkono umewasha ile tableti. Nikiiona, chakula kilishuka. Ilikuwa ndiyo mwenzangu wa pekee pale depo.

Siku ikafika orodha ikabaki na mstari mmoja. Mkuu wangu akaniandikia kutoka mbali: kwa nini bado moja? Haikurudi, ifunge umalize. Nilijibu kwamba intaneti inasumbua. Ulikuwa uongo mtupu. Nikauburuta uongo huo siku tatu, nikijiambia kwamba namlinda.

Siku ya nne nukta iligeuka kijani, na kwa kukosa la kufanya nikafungua fomu zake. Fomu hakuna aliyekuwa akizisoma tena. Hata mimi nilikuwa nikitazama nukta tu. Zilikuwa nyingi, moja kwa kila asubuhi. Jina la mtoto hakuna, uzito sifuri. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, kila moja ilikuwa na neno lile lile.

"Unitoshe."

Nilikaa na aibu yangu. Tableti ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho, na mimi nilikuwa nimeifungia kwenye fomu za utapiamlo. Asingeweza kumwandikia mtu yeyote duniani, kwa sababu mimi nilitaka kuona kijani nikinywa chai. Nilikuwa askari wa gereza nikijiita rafiki.

Sikuifunga kama nilivyoagizwa. Nilibonyeza iachiliwe. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo kwa sauti, na mlinzi akachungulia dirishani. Mstari ukapotea, orodha ikabaki nyeupe. Sasa sikuwa hata na nukta.

Siku mbili zilipita bila kitu. Ya tatu, nikiwa nakabidhi funguo getini, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp, kutoka namba ya Kongo nisiyoijua.

"Umenitosha, Mutanzania. Mama alikufa. Mi sirudi tena Buja."

Niliusoma kwa Kiswahili cha kwao, nikashukuru Mungu. Kisha nikausoma kwa Kiswahili cha kwetu, nikamwomba mlinzi anipishe kwenye kiti chake.