Simu ya Mama Shallon

Syprose Aboth ni fundi wa simu na kompyuta mjini Busia, upande wa Uganda, katika mtaa wa Sofia, karibu na mpaka kiasi kwamba laini ya Kenya hushika vizuri kuliko ya kwao. Ukipita kibandani kwake ukiwa na haraka, usimuulize habari za programu huria. Atakuvutia benchi. Atakwambia kuwa kutumia programu ambayo mwenyewe hataki uone ndani yake ni sawa na kula kwa mtu aliyekupiga marufuku jikoni kwake: labda chakula ni kizuri, labda si kizuri, lakini utajuaje? Atakwambia kwamba kompyuta yake inatumia Linux, kwamba mistari ya programu hiyo imesomwa na watu wasiojuana wala kupendana, na kwamba usalama unaanzia hapo. Ukiondoka utakuwa umechelewa, na sehemu kubwa ya aliyosema itakuwa kweli.

Mapenzi hayo hakuyapata vitabuni. Alipomaliza cheti chake Tororo, alipewa kazi ya kuchapa majina ya waumini wa parokia ya kwao Petta: waliobatizwa, waliooana, waliozikwa. Miezi minne alichapa. Programu ya kompyuta ile ilikuwa ya wizi, imewekwa na jamaa fulani wa mjini, na asubuhi moja virusi vikala kila kitu. Katekista hakumgombeza. Alifungua daftari la zamani ukurasa wa kwanza, akamsogezea, na Aboth alilia mpaka saa ya chakula. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mashine haitamfanyia tena jambo asilolijua.

Baadaye Facebook ilipofungwa upande wa Uganda, yeye ndiye aliyewaonyesha watu wa Sofia njia ya kupitia. Intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, walijaa mlangoni kwake kama wagonjwa wa zahanati, kila mmoja ameshika simu yenye laini ya Kenya, na akawahudumia bila kumuuliza mtu anampigia nani kura. Mtu na simu yake, alisema, ni mambo yao wawili.

Okochi, jirani anayeuza vioo na chaja kibanda cha pili, alimwita mhubiri.

"Kitu ya bure haina mwenyewe," Okochi alikuwa akimwambia. "Siku ikiharibika unashtaki nani?"

"Na hiyo yako ya kununua, umewahi kushtaki nani?"

Okochi alicheka akaachia hapo. Kila wiki walibishana hivyo, na kila wiki walikopeshana bisibisi.

Sasa, mtu huyu aliyefunga kompyuta yake kwa nywila ndefu kama sala ya rozari, mtu aliyewahubiria wanawake wa soko wasimpe mtu namba ya siri hata akiwa mume, alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wote wa mpakani wanayo. Simu ikiletwa, anamuuliza mteja jina na namba ya kuifungulia, anaviandika juu ya kipande cha tepu nyeupe, ile ya wapaka rangi, anaibandika mgongoni mwa simu. Kisha anaipanga kaunta pamoja na nyingine. Ndivyo alivyofundishwa kazi, ndivyo Okochi anavyofanya, ndivyo wanavyofanya ng'ambo Kenya. Miaka tisa hakuwahi kuliona tatizo. Na mimi nasema: alikuwa amefunga dirisha kwa makufuli matatu, mlango ameuacha wazi.

Norah Mugeni alikuja siku ya Jumanne. Ni Msamia wa Dabani, anauza mayai sokoni, mengine anayavusha kwa njia za panya kule Buteba kama wanawake wengine wasioweza kungoja makaratasi. Wiki mbili nyuma, akiwa kwenye njia hiyo, aliona wanaume wawili wa doria ya magendo wakimchapa mwanamke mwenzake fimbo na kukanyaga trei zake za mayai. Norah alijificha migombani akarekodi. Norah alimpelekea Aboth video ile, naye akaifutia kila alama ya mahali, ya saa na ya simu, kwa programu zake huria, ndipo kikundi cha wanawake wa soko kikaiweka mtandaoni. Iliangaliwa Kampala, iliangaliwa Nairobi. Jina la aliyerekodi halikujulikana, na Aboth alitembea kifua mbele siku kadhaa.

Lakini video yenyewe, ile ya asili, ilibaki kwenye simu ya Norah. Aboth alimwambia aifute, akasema ataifuta. Na Jumanne hiyo simu ilimponyoka juu ya saruji, kioo kikafa chote, haionyeshi wala haigusiki.

"Fundi, kioo haina shida sana," Norah alisema, ameishika simu kwa mikono miwili. "Mimi nataka picha za Shallon. Zote ziko humo."

Shallon alikuwa binti yake. Malaria ilimchukua mwezi wa tano, akiwa na miaka sita. Zilikuwepo picha mia na kitu, na video moja anaimba huku anaoga kwenye beseni, na hapakuwa na nakala popote. Siku ile walipohamisha video ya Buteba Aboth alitaka kuzinakili na hizo, Norah akasema ana haraka, mayai yako juani, atakuja kesho. Kesho hiyo ilikuwa haijafika.

"Kioo itatoka Kenya Alhamisi. Okochi ananiletea," Aboth alisema. "Kikiingia tu, kabla ya yote nazitoa picha. Usiogope, Mama Shallon."

Akaandika kwenye tepu: Norah, mayai. Na namba nne chini yake. Akabandika.

Alhamisi saa tatu asubuhi wakaja wanaume wawili. Mmoja alikuwa na viatu visivyo na vumbi hata kidogo, jambo ambalo Sofia ni la kushangaza. Hakusema anatoka ofisi gani. Watu wa namna yake hawasemi, na ukiuliza wanakuonea huruma.

"Nyabo, habari ya kazi," alisema, kwa heshima ya Kiganda ya kumwita mwanamke.

"Nzuri, sebo. Karibu."

"Kuna video inatembea. Ile ya Buteba. Watu wanasema hapa Sofia mwenye anajua kuosha video ni mmoja tu."

Mkono wa kushoto wa Aboth ulikuwa karibu na kompyuta. Alibonyeza kitufe taratibu, skrini ikazimika, na kuanzia hapo kila kilichokuwa ndani kilikuwa kimefungwa hata kwa waganga. Sekunde mbili. Alishukuru Mungu na wale watu wasiojuana wa Linux. Kisha macho yakamshuka kaunta, akaziona simu zimepangwa mgongo juu, tepu zote zinamtazama mgeni, majina na namba, na ya tano kutoka kushoto imeandikwa Norah, mayai.

"Mimi natengeneza simu tu," alisema.

"Sawa. Basi aliyerekodi labda alileta simu yake itengenezwe." Mtu yule alitoa kalamu akaanza kuhesabu kwa kugusa kila simu. Akagusa na ya tano. "Kumi na tatu. Nakwenda kuleta karatasi ya ruhusa, nakuja kuchukua zote, tuziangalie polepole. Nikirudi nakuta kumi na tatu. Huyu atakaa hapa."

Akaondoka. Mwenzake akakaa benchi la mlangoni, akanyoosha miguu, akanunua karanga.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Fikiria mwenyewe. Kuificha simu hawezi, zimehesabiwa. Kuifuta video hawezi, kioo kimekufa, na kioo kipya bado kiko ng'ambo na Okochi. Tepu aliing'oa akijifanya anafuta vumbi, lakini tepu ni nini? Simu ina laini, laini ina jina, na wao wakitaka namba ya siri wataipata, ikiwa si kwake basi kwa Norah mwenyewe, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alimwona Norah katika chumba hicho. Aliona fimbo zile za Buteba. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje alidhani imeleta karatasi, na mla karanga pale mlangoni aligeuka kila mara kumtazama, hana hili wala lile.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu.

Aboth aliifungua simu ya Norah. Alitoa skrubu moja moja, akainua bodi, ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu, akaiweka kwenye kishikizo. Akawasha bloa, lile bomba la hewa moto wanaloyeyushia solda. Mlinzi alitazama, akaona fundi anafanya kazi ya fundi, akarudi kwenye karanga zake. Aboth akazungusha kidude cha moto mpaka mwisho, akalielekeza bomba pale memori ilipo. Aliijua sehemu hiyo kama anavyoijua pua yake. Aliwaza: sauti ya mtoto iko humo, anaimba. Bodi ikavimba kidogo, ikatoa harufu kali, na moshi mwembamba ukampanda machoni. Hakuondoa mkono mpaka alipokuwa na hakika kabisa. Kisha akafunga simu, skrubu moja moja, akairudisha mahali pa tano. Kumi na tatu.

Alikaa kusubiri. Alikuwa tayari sasa, na zaidi ya kuwa tayari, alikuwa na kiburi kidogo, nisimfichie.

Saa sita simu ya mlinzi ikalia. Alisikiliza, akasema "ee" mara tatu, akajipangusa maganda ya karanga, akaondoka bila hata kuaga. Aboth alingoja karatasi. Saa saba haikuja. Saa nane haikuja. Mtu wa viatu safi hakurudi siku hiyo, na mpaka leo hajarudi.

Aliyekuja saa nane na nusu ni Okochi, jasho linamtoka, bahasha mkononi.

"Kioo hiki hapa. Wamenizungusha huko ng'ambo mpaka nikachoka." Akaona uso wake. "Kuna nini?"

Alimweleza. Okochi aliivuta simu ya Norah, akainusa, akaiweka chini.

"Aboth, si una bodi mbovu kwa droo? Si ungetia hiyo mbovu ndani ya simu, hii nzuri uweke kwa droo na zile zingine? Nani angejua?"

Zilikuwepo bodi sita droo ile, mbili za aina hiyohiyo. Mkono wake ulikuwa umeigusa droo hiyo alipokuwa akitafuta bisibisi. Aboth alimtazama Okochi, na Okochi akajuta kusema.

Norah alikuja saa kumi, baada ya kuuza trei ya mwisho. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kana kwamba anakwenda kumpokea mtu stendi.

Aboth hakumzungusha. Alimwambia yote, tangu viatu mpaka moshi, amesimama. Akasema, "Nilikuogopea wewe, Mama Shallon." Akasema, "Nisamehe." Norah alisikiliza huku ameshika ukingo wa kaunta.

"Hazitoki? Hata moja?"

"Hata moja."

"Ile ya beseni?"

Aboth alitikisa kichwa. Norah alikaa benchi la mlangoni, palepale alipokuwa mlinzi, maganda ya karanga chini ya viatu vyake.

"Damalie anayeuza nyanya, meza yake sokoni iko karibu na yangu. Namba yake unayo," alisema. "Ungempigia, Damalie angenipatia simu. Ungesema, Norah, wamekuja, nifanye nini? Mimi ningekuja hapa. Ningesema ni mimi nilipiga hiyo video. Fundi, mtu anafungwa, anatoka. Mtoto wangu nitamtoa wapi?"

"Wangekuumiza."

"Si ningeumia mimi?"

Miaka yote Aboth ndiye aliyewahubiria watu kwamba kifaa ni cha mwenyewe na neno la mwisho ni lake.

Norah aliinua uso. Alikuwa halii. Alikuwa anauliza kama anayetaka kuelewa tu.

"Walichukua simu ngapi?"

"Hawakuchukua."

"Kompyuta?"

"Hapana."

"Kumbe wao hawakuchukua kitu," Norah alisema taratibu. "Mwenye alichukua ni wewe."

Akasimama, akanyoosha gauni, akatoka kuelekea stendi ya magari ya Dabani. Simu aliiacha juu ya kaunta.