Ukuta wa Mama Kulwa Haujakauka

Wanaosema mizimu hutoka usiku tu, waje Nyasubi, hapa Kahama, niwaoneshe ukuta. Mimi nilimwona mmoja alasiri, jua linawaka, brashi mkononi, na sikuwa nimeonja kitu.

Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo nazurura Geita, Nkome, Mhunze, popote wanapotaka mtu wa kupaka rangi. Kahama alinipa kazi Mama Kulwa, mama wa mapacha. Mumewe aliingia kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita, likaporomoka, mwili haukuonekana. Mume huyo alikuwa amemwahidi sebule yenye rangi ya ziwa la kule Nkome: si bluu, si kijani. Ziwa lenyewe Mama Kulwa hajawahi kuliona.

"Nimechoka kusubiri, kaka," aliniambia. "Kwetu Mhunze kuna mtu ananiposa, nitakwenda. Lakini kwanza nataka niione hiyo rangi."

Mabegi yalikuwa tayari mlangoni. Nikachanganya bluu na kijani, nikaanza mkono wa kwanza wa rangi. Yeye akaenda sokoni.

Mtu akaingia bila hodi. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. "Mwadila," akanisalimu Kisukuma, nikaitika. Nilidhani ni shemeji wa Mama Kulwa katoka machimboni. Akautazama ukuta, niamini, kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyelala.

"Imepauka," akasema. "Ongeza kijani. Ziwa la mchana lina giza chini yake."

Nikaongeza, nikapaka. Ikatoka kali kama shingo ya tausi. Akaegemeza paji la uso pale pale palipo pabichi. Nikamtania kwamba ataondoka na kazi yangu usoni. Akacheka kidogo.

Sasa sisi mafundi tuna desturi: mkono wa pili haupigwi mpaka mwenye nyumba auone wa kwanza umekauka na aridhike. Yule mtu akaniambia, "Usipige wa pili mpaka nirudi niuone."

"Nakusubiri," nikamjibu. Ungejibu nini wewe? Ndivyo tunavyowajibu wateja. Akatoka. Sakafuni hapakuwa na vumbi hata chembe.

Mama Kulwa aliporudi alisimama mlangoni na kapu lake, hasogei. Akauliza nani kaniambia niongeze kijani. Nikaanza kumweleza maneno ya yule mtu, ziwa la mchana, na kabla sijamaliza akayamalizia yeye. Hakulia. Aliuliza moja tu:

"Alisema atarudi?"

Ningedanganya? "Alisema."

Kuta nyingine zilikauka kabla ya magharibi. Pale yule mtu alipoegemea, mahali padogo pa paji la uso, misimu miwili ya mvua imepita na pangali pabichi. Mabegi, Mama Kulwa aliyafungua. Yule wa Mhunze ameacha kupiga simu. Kila alasiri Mama Kulwa huweka shavu pale, kisha huenda sokoni na rangi ya ziwa usoni. Wauza dagaa humtania eti ni vipodozi vya mjini.

Na mimi nisiyekaa mji mmoja, bado nipo Kahama. Kila siku napita kuugusa ukuta. Natamani ukauke, ila sijui natamani kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo, ukiwa na brashi mkononi na mtu asiyepiga hodi akakusahihisha rangi, mpakie anavyotaka. Usimwambie tu kwamba unamsubiri. Hutasubiri peke yako.