Gari Lililowashwa kwa Miguu

Sisi tuliokulia Kibiti kabla ya lami tulijua kusukuma gari kabla hatujajua kuandika majina yetu. Watoto wa leo wanazaliwa wanakuta gari linaongea: funga mkanda, mlango uko wazi, umesahau ufunguo. La kwetu halikusema neno mpaka ulikimbize.

Lilikuwa gari la dizeli la marehemu baba, lenye umbo la kasha, viti vitatu mbele na injini chini ya viti hivyo hivyo. Safari ndefu ilikupasha makalio kama umekalia kaango la vitumbua. Hapo zamani lilikuwa jeupe. Sisi tulilikuta na rangi ya chai ya maziwa, mlango mmoja wa buluu uliotoka kwenye gari jingine, na nyuma linanuka ng'onda, samaki wa kukausha, mpaka paka wa mtaa mzima walikuwa wanalisindikiza. Lilikuwa haliwaki moja kwa moja. Lilianza kwa ku-ku-ku-ku, linatema moshi mweusi, ndipo linapata neno lake. Kwa hiyo tukaliita Bi Kigugumizi.

Starta yake ilikufa mapema sana. Mimi sikumbuki kuiona ikiwa hai. Baba hakuhangaika nayo. Alikuwa akiliegesha gari juu ya kile kimteremko cha nyuma ya nyumba, anaweka jiwe chini ya tairi, na asubuhi anapiga mluzi. Mluzi ule ukilia, hata kama uji uko mdomoni, unatoka mbio.

Tulikuwa wanne. Mimi Mwanahawa ndiye mkubwa, kisha Siwema, kisha Shaweji, kisha Tunu, kitinda mimba. Mama alipofariki Tunu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, basi mimi nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Darasa langu la saba nilisomea kwenye kiti cha mbele, kati ya baba na gia. Walimu wangu walikuwa oili, maji na dizeli, na kila asubuhi kulikuwa na mtihani.

"Dizeli ni kama mkwe," baba alikuwa akisema. "Huigombezi. Unaibembeleza."

Na kubembeleza kwenyewe kuligawanywa. Siwema alikuwa wa pampu. Kulikuwa na kipampu cha mkono pembeni ya chujio la dizeli, na gari likilala siku nyingi hewa huingia kwenye mipira ya kupitishia dizeli. Basi unalegeza skrubu moja, unapampu, povu linatoka shii-shii, mpaka dizeli ije safi bila hata kipovu, ndipo unakaza. Siwema alikuwa na kidole gumba cha chuma, na mpaka leo akikufinya utaita jina la mama yako. Tunu alikuwa wa hita. Dizeli ya zamani lazima kwanza ipashwe moto kidogo ndani, na taa ya kuonyesha kwamba imepata moto ilikuwa imeungua. Baba akapima muda wake kwa Kulhuwallahu, moja, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu. Tunu alikuwa anasimama kwenye kiti, amefumba macho, anasoma. Akiharakisha kwa sababu ana njaa, gari haliwaki, na baba anamwambia, "Umeiibia injini aya. Rudia."

Shaweji ndiye alikuwa muonjaji. Msicheke. Tulikuwa tukienda upande wa Mbuchi kuchukua kamba, samaki na mpunga, pale barabara inapokoma na mitumbwi inapoanza, na huko maji ya mto yanapanda na kushuka na bahari. Ukitia maji hayo kwenye rejeta, umeitia chumvi. Chuma kinaoza ndani kwa ndani huku nje kinang'aa. Baba alikuwa akibeba galoni la maji ya kisima kutoka nyumbani, lakini likiisha ilibidi kuomba maji kwa watu, na hakumwamini mtu. "Shaweji, onja." Shaweji anaonja, anatikisa mdomo kama sheikh anayeonja tende, anatoa hukumu. Alionja maji ya nusu ya delta. Hakuugua hata siku moja, ila alikuwa na majivuno ya kutisha.

Na mimi, baada ya baba kuanza kuchoka kifua, nilikuwa wa usukani. Gia namba mbili, mguu kwenye klachi, ndugu zangu nyuma wanasukuma, gari linashuka, naachia klachi ghafla: ku-ku-ku-ku-BRUUM! Moshi unawafunika wote, wanatoka weusi kama masufuria ya shughuli, meno tu yanaonekana. Tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini. Kombolela ilikuwepo, rede ilikuwepo, lakini nani angekwenda kucheza rede wakati nyumbani kuna Bi Kigugumizi?

Baba akafariki. Gari lilikaa pale kilimani siku zote za msiba mpaka arobaini, hakuna aliyeligusa. Kuku wetu mwenye kishungi akaona hakuna mwenye mali, akaingia dirishani, akatagia kwenye kiti cha dereva na kuatamia.

Siku ya arobaini, baada ya dua na pilau, wazee wakabaki kwenye baraza ya nyuma. Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mtu wa haki asiyejua kuzungusha maneno. Akasema watoto wanne ni mzigo mzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo kila ndugu abebe wake. Yeye atakwenda na Shaweji Mbuchi. Shangazi atamchukua Tunu Kiongoroni. Siwema aende kwa ndugu Dar. Mimi, kwa kuwa nimeshakuwa, nitafutiwe mume. Na gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nilikuwa nimeinama nakusanya sinia. Nikamtazama Tunu, kajificha nyuma ya kanga ya Siwema, na Siwema kamshika Shaweji shati. Nikajua wakishatoka hapo mmoja mmoja, kuwarudisha itakuwa kazi ya kukusanya mchele uliomwagika mchangani.

Ndipo mtani wetu akasimama. Bwana Kasanda alikuwa Mnyamwezi, muuza sufuria pale sokoni, na msiba mzima alikuwa ametutania mpaka wafiwa tunatafuna kanga tusicheke. Nyinyi wa rika langu mnajua: mtani msibani hakasirikiwi, na alichokiteka hakichukuliwi mpaka kikombolewe.

"Nyie Wandengereko!" akasema. "Samaki akianza kunuka mnamkausha mnamfanya ng'onda. Gari likianza kunuka mnaliuza kwa kilo?"

"Na wewe Mnyamwezi ungefanyaje?" Baba Mkubwa akamjibu. "Ungejitwika kichwani mpaka Tabora?"

"Ningejitwika! Babu zangu walibeba vizito kuliko hiki kikopo!" Akaenda moja kwa moja kilimani, akafungua mlango, akajitupa kwenye kiti. Akatoka kwa kasi ile ile, kuku kang'ang'ania kanzu yake. Baraza zima liliangua kicheko. Hata shangazi, aliyekuwa hajacheka tangu mazishi, alijifunika upande wa kanga mabega yakitikisika.

Kasanda akavua kilemba, akakifunga kwenye kioo cha pembeni cha gari. "Nimeliteka. Gari langu, kuku wangu, mayai yangu. Mnalitaka? Likomboeni kwa kuliwasha. Likiwaka, ni la watoto na liwalishe hapa hapa."

"Limelala siku zote hizi," Baba Mkubwa akasema. "Haliwaki hilo."

"Basi unaogopa nini?"

Baba Mkubwa akanitazama. "Mwanahawa, unaliweza?"

"Twaliweza, Baba Mkubwa."

Hakuna aliyepiga mluzi, lakini wote watatu walikuwa wameshafika. Nikamhamishia kuku na mayai yake kiti cha pembeni, kwa sababu kuteremka alikataa. Shaweji akaonja maji ya rejeta mbele ya wazee, akatikisa mdomo, akatangaza, "Hayana chumvi." Betri tukaiazima kwa jirani mwenye redio. Siwema akalegeza skrubu, akapampu. Povu. Akapampu. Povu. Wazee wakaanza kutafuta viatu vyao. Kidole chake kikawa chekundu, ndipo dizeli ikatoka safi, ikamrukia Bwana Kasanda kwenye kanzu ile ile ya kuku.

Tunu akapanda, akafumba macho. Sijapata kusikia Kulhuwallahu ya taratibu kama ile. Mzee mmoja akaitikia "amin" kwa mazoea.

Jiwe likatoka. Wakasukuma. Gari likateremka, nikaachia klachi: ku. Kimya. Ku-ku. Kimya. Mteremko ulikuwa unaisha, mbele yangu ni choo cha jirani. Shaweji akapiga kelele, "Dada, bembeleza!" Nikakanyaga tena klachi, nikalipa pumzi, nikaachia polepole. Ku-ku-ku-ku. BRUUM! Moshi ulifunika nyumba, choo na wazee wote wa ukoo.

Moshi ulipoondoka, Kasanda alikuwa anacheza peke yake katikati ya uwanja. "Haya, Baba Mkubwa!" akaita. "Chukua mmoja wao uende naye Mbuchi, kesho uone kama litawaka!"

Baba Mkubwa akaitazama mikono ya ndugu zangu iliyojaa masizi. Kisha akajifuta uso, akasema, "Shangazi yenu atakuja kukaa nanyi. Haya, nileteeni pilau, naona njaa imerudi." Hivyo tu. Hatukugawanywa. Vifaranga vilianguliwa ndani ya gari, na safari yetu ya kwanza Mbuchi tulikwenda na mama yao anatutukana njia nzima.

Bi Kigugumizi alimsomesha Siwema ualimu, akamsomesha Shaweji, akamwoza Tunu. Bado ninaye. Oili nambadilishia kwa wakati, maji ni ya kisima, na injini ni ile ile. Mpwa wangu alikuja na gari lake jipya kutoka Dar, likawasha kitaa cha njano likagoma, akakaa kutwa anapiga simu. Nikamuuliza, "Umelisukuma?" Akanitazama kama nimemwambia alichinje. Nikampeleka mjini na Bi Kigugumizi, na njia nzima ananiuliza harufu hii ni ya nini.

Enzi zile tulikuwa wanne nyuma ya gari moja. Sasa tuna magari manne, na kila mmoja yuko mji wake. Tunaonana kwenye vioo vya simu, mara mtandao unakata mtu kafungua mdomo. Gari nimelitilia starta mpya. Nikizungusha ufunguo, linawaka peke yake. Ni jambo zuri, sikatai.

Lakini kila Idi wote wanakuja. Na kila Idi, wakishakula, nawaambia kwa masikitiko kwamba starta imegoma tena, mafundi wa siku hizi hawafai. Mwalimu Siwema anavua viatu vyake vya visigino. Shaweji, na kitambi chake, anakunja suruali. Tunu, mama wa watoto watatu, anapanda kwenye kiti na kufumba macho. Watoto wao wanatupiga video wakicheka, na sisi tunatoka kwenye moshi weusi kama masufuria.

Nyinyi wa rika langu mtanitunzia siri. Starta ni nzima kabisa. Waya wake, siku ya Idi, huwa nimeufunga kwenye pindo la kanga.